Usafirishaji Amilifu

Seli ya bakteria imezungukwa na utando wa mafuta wa tabaka mbili. Oksijeni hupenya humo bila hodi. Sukari haipiti mpaka ipate mlango wa protini. Tena mlango peke yake hautoshi. Nje chakula ni haba, ndani kimekwisha kurundikwa, na kikiachiwa kijiendee kitatoka badala ya kuingia. Hapo bakteria hutumia nishati kukivuta kutoka penye kichache kwenda penye kingi. Huo ndio usafirishaji amilifu. Ni mkokoteni unaopanda mlima: usiposukumwa, unarudi.

Amilifu limetokana na amali, yaani kazi, na hapa linafaa kuliko “hai”. Usambaaji wa kawaida, usiogharimu kitu, nao hutokea katika seli hai, kwa hiyo “hai” haitenganishi chochote. “Kufyonza” nako humfanya bakteria aonekane sifongo.

Kazi yenyewe ilichukua muda kueleweka. Mwaka 1956, katika Taasisi ya Pasteur mjini Paris, Jacques Monod na wenzake walieleza jinsi bakteria Escherichia coli anavyoingiza sukari za jamii ya laktosi, na protini inayohusika wakaiita pemiesi. Nishati inatoka wapi? Mwingereza Peter Mitchell alitoa hoja mwaka 1961 kwamba seli husukuma protoni nje ya utando, na zinaporudi ndipo kazi hufanyika. Alipingwa miaka mingi. Mwaka 1978 akapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Pemiesi ya laktosi hufuata kanuni hiyo hiyo: kila protoni inayorudi huingia na molekuli moja ya laktosi.

Glukosi ina ujanja mwingine. Wakati inavuka hubandikwa fosfati, na ikishabandikwa haitoki tena. Kwa kuwa kilichofika ndani si kile kilichokuwa nje, wataalamu wengi huiweka katika kundi lake, nami naona wana haki.

Chuma nacho hugombaniwa. Bakteria wengi humwaga nje molekuli za kukinasa, kisha hutumia nishati kuzivuta ndani zikiwa nacho. Miili yetu, kwa upande wake, hukifungia ndani ya protini, mojawapo ikiwa laktoferini ya maziwa ya mama.

Kwa hiyo mwandishi wa kitabu cha biolojia atumie “usafirishaji” kwa njia zote hizi, na “amilifu” aliongeze pale tu nishati inapotumika kupandisha kitu kilekile, bila kukibadilisha.