Santuri Iliyokosa Rafu

Lau ungaliingia katika duka la santuri la Marekani katika mwaka wa 1968, msomaji, ungalikuta muziki umepangwa kama bidhaa nyingine yoyote: jazi upande huu, muziki wa gita wa vijana upande ule, na muziki wa okestra wa Ulaya mahali pake pa heshima. Mnunuzi alijua aelekee wapi, na mwenye duka alijua aweke nini wapi. Mpango huo ni mzuri kwa mfanyabiashara. Kwa mtungaji unaweza kuwa adhabu, na hapa nataka kukusimulia habari za mmoja aliyeadhibiwa hivyo.

Jina lake lilikuwa David Axelrod, mzaliwa wa Los Angeles. Alikulia katika mitaa ya kusini ya mji ule, ambako Wamarekani Weusi walikuwa wengi, na muziki wao ukawa muziki wake. Ujanani alipigana ngumi ulingoni. Kusoma noti alifundishwa na mpiga piano wa jazi, Gerald Wiggins. Katika miaka ya sitini akawa mtayarishaji katika kampuni ya Capitol, na huko alionyesha mkono wenye baraka. Alisimamia santuri za mwimbaji Lou Rawls na za mpiga saksafoni Cannonball Adderley, nazo zilipata wanunuzi tele. Alimsimamia pia Letta Mbulu wa Afrika Kusini, ambaye sauti yake huenda umekwisha kuisikia pasipo kujua, kwa maana ndiye atamkaye maneno ya Kiswahili katika wimbo wa Michael Jackson wa mwaka 1987 juu ya msichana wa Liberia. (Kwa nini Liberia ipewe Kiswahili, hilo tuliache leo.)

Mwaka huo wa 1968 Axelrod alitoa santuri ya kwanza kwa jina lake mwenyewe. Aliiita "Song of Innocence", na jina hilo alilitoa kwa William Blake, mshairi Mwingereza aliyeishi tangu 1757 hata 1827. Blake alikuwa fundi wa kuchonga sahani za shaba. Mashairi yake na picha zake alivichonga pamoja katika shaba, akachapa kwa mkono wake, yeye na mkewe wakapaka rangi ukurasa kwa ukurasa. Kitabu chake cha nyimbo za utoto kilitoka hivyo mwaka 1789, na walionunua wakati wa uhai wake walikuwa wachache mno. Sijui kama Axelrod aliona bahati yake mwenyewe katika bahati ya mtu huyu. Lakini sisi, tukitazama nyuma, hatuwezi kuacha kuiona.

Katika santuri hii hakuna mtu aimbaye. Vipande ni saba, na vyote pamoja havifiki nusu saa. Majina ya vipande yanamrudia Blake. Mathalani "Holy Thursday" ni jina la shairi lake juu ya watoto maskini wa London walioongozwa safu kwa safu kwenda ibadani katika kanisa kuu la Mtakatifu Paulo. Kipande hicho ndicho nikuombacho ukisikilize kwanza. Ngoma inaanza kutembea, haina haraka, na kila pigo lina nafasi yake kama hatua za mtu katika ukumbi mtupu. Mpigaji ni Earl Palmer wa New Orleans, aliyekwisha kupiga ngoma katika nyimbo za Little Richard na Fats Domino. Chini yake linanguruma gita la besi la Carol Kaye, mwanamke aliyeshiriki katika maelfu ya nyimbo zilizorekodiwa ilhali jina lake halikutajwa juu ya majalada. Kisha fidla zinaingia, nyingi kwa pamoja, zikipanda kama moshi. Tarumbeta zinajibu kwa ukali. Na gita la umeme la Howard Roberts linakwaruza sauti kwa namna waliyoipenda vijana wa miaka ile, muziki ulioitwa wa saikedeliki, yaani uliokusudiwa kumtoa msikilizaji katika fikira zake za kila siku na kumwingiza katika hali ya ndoto.

Basi uweke wapi kitu kama hicho? Wapenzi wa jazi waliona fidla zimezidi. Vijana walikosa mwimbaji. Wapenzi wa okestra waliona ngoma imekaa mbele kama mwenye nyumba. Wahakiki waliona ni jambo la tamaa kubwa kuliko busara, na wanunuzi hawakuja kwa wingi. Mwaka uliofuata Axelrod alitoa ya pili, "Songs of Experience", kutokana na kitabu cha pili cha Blake, nayo haikuwa na bahati bora. Miles Davis alipotoa "Bitches Brew" mwaka 1970, watu walisema mlango umefunguliwa kati ya jazi na gita la umeme. Naam, ulifunguliwa, walakini Axelrod alikuwa amekwisha kuugonga.

Hapa ndipo watu husema santuri ilisahauliwa. Mimi nauliza: ilisahauliwa na nani? Nakala zake zilikuwako, katika masanduku ya vitu kuukuu, kwa bei ya chini kabisa. Katika miaka ya themanini na tisini walikuja vijana wa muziki wa kufoka, wakipekua masanduku hayo. Walikuwa na mashine inayonasa sekunde chache za sauti na kuzirudia pasipo kuchoka. Walitafuta ngoma iliyo wazi, isiyofunikwa na maneno, na kile kilichowakera wanunuzi wa zamani ndicho walichokihitaji. DJ Shadow alichukua kutoka santuri ya pili katika kazi yake ya 1996. Lil Wayne alifoka juu ya "Holy Thursday" katika albamu yake ya 2008, iliyouza nakala zaidi ya milioni moja Marekani katika juma la kwanza tu.

Je, ni wizi? Wapo wasemao ndiyo, na mahakama ya New York mwaka 1991 iliamua katika kesi moja kwamba kunasa muziki wa mtu bila ruhusa ni kosa. Mimi naona aliyepanda apewe fungu lake kabla ya sifa. Lakini siwezi kukana kwamba vijana hao waliisikiliza santuri ile kwa makini kuliko wahakiki waliolipwa kuisikiliza.

Axelrod alikuwa hai kuyaona hayo. Mwaka 2001 alitoa albamu mpya iliyojengwa juu ya midundo iliyorekodiwa 1968 kwa kazi ambayo haikumalizika, akaiandikia okestra upya. Mwaka 2004 alisimama katika ukumbi wa Royal Festival Hall, London, mji wa Blake, mbele ya umati uliokuja kusikia muziki wake. Wengi wao hawakuwa wamezaliwa santuri ile ilipokosa rafu. Alifariki Februari 2017.