Kabla ya kununua betri ya haibridi, kagua feni yake

Ninaendesha Toyota Camry ya haibridi niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Ina injini ya petroli na mota ya umeme. Betri yake kubwa huchajiwa na injini, na pia kila ninapopunguza mwendo. Haichomekwi kwenye umeme wa nyumbani. Faida yake naiona kwenye foleni ya feri Likoni: injini huzimika, kiyoyozi kikaendelea.

Mwaka wa pili, taa ya onyo iliwaka. Fundi wa kwanza alisema betri imekufa. Pesa alizotaja zilikuwa karo ya wanangu ya mwaka mzima. Wa pili alianza na feni inayopoza betri. Tundu lake la hewa, karibu na kiti cha nyuma, lilikuwa limeziba kwa vumbi na nywele. Akalisafisha, na mpaka leo natumia betri ile ile.

Basi, ukitaka gari kama hili, betri ipimwe kwa kompyuta kabla hujalipa. Usizibe tundu hilo kwa mizigo, na joto letu hili, egesha kivulini. Nyaya za rangi ya chungwa mwachie fundi. Umeme wake unaua.