Njia ya Sauti: Historia Fupi ya Simu za Intaneti Bujumbura

Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba ubora wa simu za intaneti hutegemea sana njia inayopitiwa na sauti, si chombo cha mpigaji peke yake.

Programu ya Skype ilipotolewa mwaka 2003, Burundi, nchi isiyo na bahari, ilitegemea setilaiti. Setilaiti za aina hiyo huwa kiasi cha kilomita 36,000 juu ya ikweta, hivyo sauti ikipanda na kushuka hutumia takriban robo sekunde. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano (ITU) hupendekeza ucheleweshaji usizidi milisekunde 150, yaani chini ya moja ya sita ya sekunde.

Baina ya majirani hali ilikuwa mbaya zaidi. Mkazi wa Buyenzi na mwenzake wa Rohero wakitumia makampuni tofauti ya intaneti, na kwa kuwa hapakuwa na mahali pa kuiunganisha mitandao hiyo nchini, sauti ilikwenda ng'ambo kwa setilaiti na kurudi kwa setilaiti. Swali na jibu vilichukua karibu sekunde nzima. Sisi tunaofundisha Kiswahili tunaielewa hasara hiyo. Salamu zetu ni za kupokezana: "Hujambo" isipojibiwa mara moja, msemaji hudhani hakusikika, huirudia, na maneno hugongana.

Dawa ilikwisha kujaribiwa Nairobi. Novemba 2000 makampuni ya intaneti yalifungua kituo cha KIXP ili yabadilishane data papo hapo. Telkom Kenya, iliyokuwa na ukiritimba wa mawasiliano ya nje, ililalamika, kituo kikafungwa. Kilifunguliwa tena Februari 2002. Safari za data za milisekunde 200 hadi 600 zilishuka hadi kati ya 2 na 10.

Mwaka 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Mombasa na Dar es Salaam. Katika miaka ya 2010 Burundi ilipata mkongo wake wa nchi kavu, Burundi Backbone System, pamoja na kituo cha BDIXP.

Kwa kuhitimisha, mkongo hufupisha safari ya ng'ambo, lakini kituo huiondoa kabisa kwa mazungumzo ya ndani. Mkongo hudai fedha nyingi. Kituo hudai zaidi maelewano baina ya washindani. Nao wanafunzi wetu wanaochunguza mazungumzo ya simu za miaka ile wakumbuke kwamba si kila kimya kilitoka kwa msemaji. Kingine kilitoka njiani.