Kitabu cha Kumiliki na Kitabu cha Kukodi: Bei ya Kusoma Katika Rungwe

Mwezi wa Julai 2014 kampuni ya Amazon ya Marekani ilifungua huduma iitwayo Kindle Unlimited. Kwa dola 9.99 kila mwezi msomaji alipewa ruhusa ya kusoma apendavyo katika ghala lenye mamia ya maelfu ya vitabu, bila karatasi na bila kungojea posta. Mwaka 2023 ada hiyo huko Marekani ilipanda ikawa dola 11.99. Dola moja ikihesabiwa kwa shilingi 2,500, ada ya mwezi ni karibu shilingi 30,000, na ya mwaka mzima karibu shilingi 360,000. Mwalimu wa Tukuyu au mkulima wa chai wa Katumba aisikiapo habari hii huuliza kwanza kama fedha hizo ni nyingi au chache. Swali hilo ni halali, walakini halitoshi. Historia ya kusoma katika wilaya ya Rungwe yaonyesha kwamba bei ya kitabu haikupata kuwa ile fedha itolewayo mlangoni peke yake. Ilipimwa pia kwa idadi ya watu waliokisoma, kwa lugha iliyokuwamo, na zaidi ya yote kwa kile kilichobaki nyumbani siku malipo yalipokoma.

Vitabu viliingia Unyakyusa vikiwa mizigo. Mwaka 1891 wamisionari wa jamii mbili za Kijerumani, Wamoravian na wale wa Misheni ya Berlin, walifika kaskazini ya Ziwa Nyasa kwa njia ya mto Zambezi, mto Shire na ziwa lenyewe. Wamoravian walijenga chini ya mlima Rungwe. Wenzao wa Berlin, wakiongozwa na Alexander Merensky, walijenga mahali walipopaita Wangemannshöhe. Kila kitabu kilichosomwa katika makao hayo kilikuwa kimevuka bahari, kikapandishwa mito, kikabebwa na wapagazi hadi milimani. Kitu kilichofika kwa taabu ya namna hiyo hakikuwa cha mtu mmoja. Mwenye kujua kusoma aliwasomea wasiojua, na kitabu kimoja kikawa darasa zima.

Kulikuwa na bei nyingine pia, nayo ni bei ya lugha. Wamisionari walichagua Kinyakyusa kwa ibada na masomo ya kwanza, na Agano Jipya katika lugha hiyo likapigwa chapa mwaka 1908. Serikali ya Wajerumani, iliyokuwa na boma lake Neu-Langenburg, ndipo Tukuyu ya leo, iliendesha kazi zake kwa Kiswahili. Basi kijana wa Rungwe aliyetaka kusoma alikuta milango miwili: mmoja ulielekea kanisani na nyumbani, wa pili ulielekea ofisini, barabarani na pwani. Kuvuka kutoka mlango mmoja hadi wa pili kuligharimu miaka ya kujifunza, na gharama hiyo haikuandikwa katika daftari lolote la hesabu.

Mwezi wa Mei 1916 majeshi ya Waingereza yaliyotoka Nyasaland yaliingia Neu-Langenburg. Wamisionari wa Kijerumani walikamatwa, wakaondolewa nchini, na kazi ya shule na makanisa kwa sehemu kubwa ikabaki mikononi mwa walimu na wazee Waafrika, mpaka Wajerumani walipoanza kuruhusiwa kurudi katikati ya miaka ya 1920. Tukio hili lina fundisho kubwa kwa swali la leo. Aliyeleta vitabu aliondoka kwa ghafula, tena pasipo hiari yake. Vitabu havikuondoka. Walimu waliendelea kufundisha kwa nakala zile zile zilizokuwamo masandukuni, kwa sababu hapakuwa na mtu huko Berlin wala Herrnhut aliyekuwa na uwezo wa kuzifunga kutoka mbali. Thamani ya vitabu vile ilikuwa katika maneno yaliyomo, na vile vile katika ukweli kwamba vilikwisha kuwa mali ya mahali vilipokuwapo.

Chini ya Waingereza ulizaliwa utaratibu uliokaribiana zaidi na ada ya leo. Mwezi wa Januari 1923 Idara ya Elimu ilianza kutoa Dar es Salaam gazeti la Kiswahili la kila mwezi lililoitwa Mambo Leo. Humo zilichapwa habari za serikali, maarifa ya kilimo na afya, barua za wasomaji na mashairi, na humo ndimo washairi wengi, miongoni mwao Shaaban Robert, walipopata wasomaji wa nchi nzima. Aliyelinunua alilipa kwa ajili ya toleo, lakini toleo lile likawa lake. Aliweza kumpa jirani, kulisoma kwa sauti barazani, au kulihifadhi mpaka mwanawe akue alisome. Malipo ya mtu mmoja yalizaa wasomaji wengi, na hakuna aliyeitwa mwizi kwa kumwazima mwenziwe gazeti.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ukaja utaratibu wa kuazima. East African Literature Bureau, iliyoanzishwa mwaka 1948 na kuwa na makao yake Nairobi, ilichapa vitabu vya Kiswahili na vya lugha nyingine, tena ikaanzisha huduma ya maktaba kwa masanduku ya vitabu yaliyopelekwa mashuleni na vilabuni, na kwa posta kwa msomaji aliyekaa mbali na miji. Hapa msomaji hakumiliki kitu. Alisoma, akarudisha, akapewa kingine. Hata hivyo vitabu vilivyorudishwa havikupotea kwa umma, maana vilikwenda kwa msomaji mwingine. Mwaka 1963 Bunge la Tanganyika lilipitisha sheria ya kuunda Bodi ya Huduma za Maktaba, na tarehe 9 Desemba 1967 Rais Julius Nyerere alifungua jengo la Maktaba Kuu ya Taifa Dar es Salaam. Msingi wa kazi hiyo ulikuwa kwamba gharama ya kusoma ichangwe na taifa, ili mwananchi asizuiwe na mfuko wake.

Msingi huo ulikuwa mwema, lakini umbali haukuondolewa na sheria. Kutoka Dar es Salaam hadi Tukuyu ni karibu kilomita 900, na hata Mbeya, makao makuu ya mkoa, ni mwendo wa kilomita 70 hivi. Kampeni za elimu ya watu wazima, zilizopata nguvu tangu mwaka 1970 uliotangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, zilipunguza ujinga wa kusoma kwa kiasi kikubwa, na maktaba za vijiji zikaanzishwa ili waliokwisha kujua wasisahau. Ikaonekana wazi kwamba kumfundisha mtu kusoma ni kazi moja, na kumpatia cha kusoma mwaka baada ya mwaka ni kazi ya pili, tena yenye gharama isiyokoma. Karatasi nayo ina adui zake. Tukuyu hupata mvua ipitayo milimita 2,000 kwa mwaka, na unyevu, kuvu na mchwa havichagui kati ya kitabu chema na kibaya. Anayesifu kitabu cha karatasi kama kitu cha milele hajaishi chini ya mlima Rungwe wakati wa masika.

Kwa hiyo haitakuwa haki kuidharau huduma ya kidijitali. Imelishinda jambo ambalo misheni, posta na taifa zima hazikuweza kulishinda, yaani umbali. Kitabu kilichotolewa London asubuhi chaweza kusomwa Kiwira jioni. Na kwa msomaji mwenye bidii hesabu yaweza kuwa njema: akisoma vitabu vitatu kwa mwezi, kila kimoja kimemgharimu shilingi 10,000, akisoma kimoja, kimemgharimu 30,000, na mwezi wa palizi au wa mitihani asiposoma hata kimoja, amelipia mlango asioupita. Juu ya hayo kuna gharama ya simu au kishikwambi, ya umeme na ya kifurushi cha intaneti. Tena vitabu vya ghala hilo vingi ni vya Kiingereza, na vya Kiswahili ni vichache mno. Ile bei ya lugha ya mwaka 1908 imerudi kwa sura nyingine.

Wala kukodi vitabu si jambo geni duniani. Mwaka 1842 Charles Edward Mudie alianzisha London maktaba ya kuazimisha kwa malipo. Mteja alilipa gini moja kwa mwaka, akaruhusiwa kuchukua juzuu moja kwa wakati mmoja, nazo riwaya za juzuu tatu wakati ule ziliuzwa gini moja na nusu. Wasomaji walifaidi bila shaka. Lakini kwa kuwa maktaba hiyo ilinunua nakala nyingi kupita wanunuzi wengine, chaguo lake likawa kama sheria kwa waandishi, na umbo la juzuu tatu likadumu kwa sababu lilimfaa mwazimishaji. Mwaka 1894 kampuni ya Mudie, pamoja na ile ya W. H. Smith, ilipokataa kuendelea kulipa bei za zamani, umbo hilo likafa katika miaka michache. Mwaka 1937 maktaba yenyewe ikafungwa. Mwazimishaji wa leo naye ana kanuni yake: tangu Julai 2015 Kindle Unlimited humlipa mwandishi kwa kurasa zilizosomwa. Kanuni ya namna hiyo humfaa mwandishi mwenye wasomaji wengi. Mwandishi wa lugha yenye wasomaji wachache, kama Kinyakyusa, hupata kidogo sana.

Tofauti iliyo kubwa zaidi, hata hivyo, ni ile iliyofundishwa na mwaka 1916. Mwezi wa Julai 2009 Amazon, kwa sababu ya mgogoro wa haki za uchapaji, ilifuta kutoka katika vifaa vya wateja wake nakala za vitabu viwili vya George Orwell walivyokuwa wamekwisha kuvinunua, ikawarudishia fedha. Mwaka 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu vya kidijitali, na vitabu vyote vilivyonunuliwa humo vikatoweka, fedha zikarudishwa. Hata maktaba isiyotoza ada haikusalimika. Wachapaji wanne waliishtaki Internet Archive mwaka 2020 kwa kuazimisha nakala za kidijitali, na baada ya hukumu ya Machi 2023, iliyothibitishwa na mahakama ya rufani Septemba 2024, vitabu karibu 500,000 viliondolewa katika uazimishaji wake. Huenda kila tukio lilikuwa na haki yake kisheria. Lakini kwa msomaji matokeo yalikuwa mamoja: rafu ilifungwa kwa mkono wa mtu aliye mbali.

Jambo hili laigusa Rungwe kwa namna ya pekee, kwa maana sehemu kubwa ya historia yake iliyoandikwa imo katika vitabu vilivyochapwa nje. Godfrey na Monica Wilson walifanya utafiti kati ya Wanyakyusa katika miaka ya 1934 hadi 1938. Godfrey alifariki mwaka 1944, na Monica akatoa Good Company mwaka 1951, kisha vitabu vingine kadhaa, na cha mwisho kati ya hivyo, For Men and Elders, kilitoka mwaka 1977. Makaratasi yao yamehifadhiwa Chuo Kikuu cha Cape Town. Kitabu cha Marcia Wright juu ya misheni za Kijerumani Tanganyika kilichapwa Oxford mwaka 1971. Wazee walioketi na watafiti hao wakaeleza ndoa, mazishi na vijiji vya rika hawakuomba malipo ya kila mwezi kwa maelezo yao. Mjukuu wao atakayetaka kuyasoma leo, akikuta njia pekee ni ada, atakuwa anakodi kumbukumbu ya babu yake, na siku atakapokosa ada hatabaki na hata ukurasa mmoja.

Njia ya kutoka si kuikataa huduma, bali kuangalia nani alipe na nini kibaki. Vyuo vikuu na taasisi za utafiti za Tanzania huungana katika umoja uitwao COTUL kugawana gharama za majarida na vitabu vya kidijitali, na Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada katika maktaba yake ya mtandao visomwe bure. Mifano hiyo yaonyesha kwamba shule, chuo au maktaba ya wilaya yaweza kulipia pamoja kile ambacho mtu mmoja hakiwezi, na shilingi moja ikahudumia macho mengi. Rungwe haihitaji kufundishwa kuungana. Wakulima wake wa kahawa walikuwa na chama chao cha ushirika miaka mingi kabla ya Uhuru. Lakini vyama vikuu vya ushirika navyo vilivunjwa na Serikali mwaka 1976, na hapo napo kuna onyo: chombo cha pamoja nacho chaweza kukoma. Hivyo fedha ya kusoma yafaa igawanywe, sehemu ilipie mlango wa kidijitali kwa ajili ya upana wake, na sehemu inunue nakala za kudumu, kwanza zile zinazoihusu nchi yenyewe.

Jina la kitabu cha mwaka 1951 lilitokana na neno la Kinyakyusa, ukwangala, yaani kuketi pamoja na wenzi, kula na kuzungumza kwa furaha. Wanyakyusa waliona kwamba hekima ya mtu hupatikana humo, na anayekula peke yake hukosa kitu. Kitabu kilichobebwa kupandishwa milima mwaka 1891 kilisomwa kwa desturi hiyo, na Mambo Leo pia. Ada ya mtu mmoja, kwa simu moja, kwa nenosiri moja, yampa msomaji ghala kubwa kuliko lolote walilopata kuliona wazee wake, lakini yamketisha peke yake. Watakaoamua gharama hiyo Tukuyu, katika kamati ya shule au baraza la halmashauri, watafanya vema wakipima kwanza ni wangapi watakaoketi mezani, na ni nini watakachowaachia watoto wao fedha itakapokwisha.