Worldcon: Kongamano ambapo mashabiki ndio wapigakura

KONGAMANO la Dunia la Hadithi za Kisayansi, maarufu kama Worldcon, liliandaliwa kwa mara ya kwanza jijini New York, Marekani, mwaka wa 1939, na kuhudhuriwa na watu wapatao 200. Isipokuwa miaka ya vita ya 1942 hadi 1945, limefanyika kila mwaka na siku hizi huvutia maelfu.

Anayehudhuria hulipia uanachama. Kwa takriban siku tano husikiliza mijadala ya waandishi, hutazama maonyesho ya sanaa na mashindano ya mavazi, na kununua vitabu. Waandalizi ni mashabiki wenzake wanaojitolea bila malipo.

Wanachama ndio wanaoteua na kupigia kura Tuzo za Hugo, zilizoanza kutolewa Philadelphia mwaka wa 1953. Aidha, huchagua mji utakaoandaa kongamano la baadaye. Asiyeweza kusafiri hulipa ada nafuu na kupiga kura akiwa kwao.

Kura hiyo ilitiwa doa mwaka wa 2023 jijini Chengdu, China. Takwimu zilizotolewa Januari 2024 zilionyesha kuwa baadhi ya kazi zilizoteuliwa kwa wingi, ikiwemo riwaya ya Babel ya R.F. Kuang, ziliondolewa bila sababu kuelezwa.

Waandalizi wa kongamano la 2024 mjini Glasgow, Scotland, waliamua kufanya kazi kwa uwazi. Walieleza sababu za kila kazi iliyoondolewa, na kabla ya tuzo kutolewa wakatangaza hadharani kwamba wamefutilia mbali kura 377 zilizobainika kuwa za udanganyifu.