Alkoholi nzito: taka ya waragi, mali ya kiwanda cha rangi

Sheria ya Enguli ya mwaka 1965 iliwataka wakenekaji wa Uganda wawe na leseni na wauze pombe yao kwa Uganda Distilleries. Hapo ikatokea Uganda Waragi, inayokenekwa Port Bell, Kampala.

Pombe ya kunywa ni ethanoli, inayochemka kwa nyuzi 78. Hamira hutoa pia alkoholi nzito, zenye kaboni 3 au zaidi, kama isobutanoli (nyuzi 108). Kiwandani hupunguzwa kwa sababu zikizidi huharibu ladha. Methanoli si mojawapo: hiyo ni nyepesi, nayo ni sumu. Mwaka 2010 waragi yenye methanoli iliua watu wapatao 80 Kabale.

Anachotupa mkenekaji, mwenye kiwanda hukinunua. Butanoli huyeyusha rangi na vanishi. Nyingi hutokana na petroli: propilini huunganishwa na kaboni monoksaidi na haidrojeni kwa kichocheo cha rodiamu. Njia ya Guerbet huunganisha ethanoli yenyewe kuwa butanoli. Mwaka 2008 James Liao na wenzake wa Los Angeles walibadili vinasaba vya bakteria E. koli, wakapata isobutanoli kutokana na sukari. Kikwazo ni kwamba isobutanoli ikizidi huwaua bakteria hao hao, na kuitenga na maji mengi ni gharama.

Forodhani butanoli huingia kifungu 2905, ethanoli kali 2207, waragi 2208. Pipa lililoandikwa "alkoholi" tu halijasema kitu.