Kibanadifu

Kibanadifu ni kifaa kinachoyalazimisha magurudumu mawili ya ekseli moja yazunguke kwa mwendo mmoja, hata kama moja limezama katika tope na jingine limekanyaga pagumu. Mafundi wengi hukiita difu loki. Katika miongozo iliyotafsiriwa hukutwa "kufuli ya tofauti" au, vibaya zaidi, "kufuli tofauti", maneno ambayo kwa msomaji yeyote wa Kiswahili ni kufuli zisizofanana. Dereva aliyekwama masika katika udongo mweusi wa magharibi mwa Serengeti, akifungua kitabu cha gari na kukuta maneno hayo, hatajua abonyeze nini.

Kosa limetokana na kutafsiri jina na kuiacha kazi. Difu ni mkusanyiko wa gia unaoruhusu magurudumu ya ekseli moja yazunguke kwa mwendo usiolingana, na jina lake la Kizungu, differential, lina asili katika kitenzi cha Kilatini differre, kilichoundwa na dis-, yaani mbalimbali, na ferre, yaani kubeba. Tofauti ni la ukoo mwingine kabisa: ni tafawut ya Kiarabu, yenye mzizi wa kupita na kuponyoka. Mzizi huo kwa hakika ungeifaa difu, kwa kuwa kwenye kona gurudumu la nje hulipita la ndani, na ni kwa ajili ya kuruhusu jambo hilo kwamba Onésiphore Pecqueur, mtengenezaji wa saa wa Kifaransa, alibuni difu ya gari la mvuke katika miaka ya 1820. Lakini maana ya kupita haikuvuka bahari pamoja na neno. Kiswahili kilipokea hali ya kutofanana peke yake, na hakuna kamati inayoweza kuirudisha maana iliyoachwa Uarabuni kwa kuliandika neno katika orodha.

Kufuli nayo, kutoka qufl ya Kiarabu, huwekwa mlangoni au kwenye sanduku ili mtu asiingie wala kutoa kitu. Difu haina mtu wa kuiingia.

Wapo wanaokiri udhaifu huo na kupendekeza "kifungadifu". Hoja yao ni kwamba neno limefuata kielelezo cha kipimajoto, na kwa upande wa umbo hoja hiyo ni sahihi. Ila hawakuuliza gereji. Kwa fundi, kufunga gia boksi ni kuirudisha mahali pake na kukaza bolti zake. Akiambiwa afunge difu atachukua spana alale chini ya gari. Istilahi inayogongana na lugha ya watu wanaokishika kifaa kila siku haistahili kutetewa kwa ukaidi.

Kitenzi kinachofaa ni kubana. Ni cha Kibantu, na kizazi chake ni kikubwa: kibanio cha nguo, mabano ya mwandishi, banio la mfereji wa umwagiliaji, kifua kinachobana. Katika yote hayo kitu kilichokuwa na nafasi ya kwenda kinanyimwa nafasi hiyo. Ndivyo ilivyo ndani ya difu. Isipobanwa, huyapa magurudumu yote mawili nguvu sawa ya mzunguko, na kiasi chake huamuliwa na gurudumu lenye mshiko mdogo zaidi. Hivyo gari la foo wili linaweza kuzungusha gurudumu moja la mbele na moja la nyuma lisisogee hata shubiri. Gia ya pembeni ikibanwa na kasha la difu, uhuru huo huisha, na gurudumu lililokanyaga pagumu hupata nguvu ya kulitoa gari.

Kubana pia kuna viwango, jambo ambalo kufuli haina. Zipo difu ambazo sahani zake hukwaruzana na kuzuia sehemu tu ya tofauti ya mwendo. Hicho ni kibanadifu nusu. Kile cha kuunganisha moja kwa moja ni kibanadifu kamili. Kufuli nusu haisemeki.

Neno ni la ngeli ya KI-VI, wingi wake vibanadifu, na kinyume cha kitenzi ni kuachia. Difu hubanwa kabla ya kuingia topeni, kabla gurudumu halijaanza kuzunguka bure, gari likiwa katika gia nzito na likienda taratibu bila kusita. Huachiwa mara gari linapofika kwenye ardhi ngumu, kwani likikata kona difu ikiwa bado imebanwa, usukani huwa mzito, matairi hukwaruzika na shafti huweza kukatika.